Ombi la Kufukuzwa Ghorofa ya Tisa, Sisi na Kikapu Chetu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi, Jengo la Swarnim,
Ng'ambo Mpya ya Mto, Ahmedabad.

Mjomba Mukundbhai,

Nakusalimu kwa viganja viwili vilivyokutana kifuani, ingawa kwa sasa kimoja kimeshika kalamu.

Usishtuke kuiona barua hii ikining'inia mbele ya roshani yako. Imeshuka kwa kikapu, kilekile ulichokipiga marufuku. Kamba ya Bibi imetekwa na mlinzi, kwa hiyo nimetumia uzi wangu wa vishada. Umepakwa unga wa vioo. Itoe barua polepole, wala usijaribu kuukata, maana utakukata wewe kwanza.

Mimi ni Dhruvil, mtoto wa Nilesh, ghorofa ya tisa. Nimesoma darasa la tisa mara mbili, kwa hiyo nalijua kuliko wale waliolipita mara moja. Kwa elimu hiyo nakuomba kitu kidogo tu: utufukuze.

Tena utufukuze kabla ya Alhamisi. Siku hiyo baba anakwenda kutia saini kumuuzia bwana mmoja nyumba yetu ya mtaa wa Popat Pol, kule mji wa zamani, aigeuze hoteli. Akishatia saini hatutakuwa na pa kurudi, na wewe una moyo laini, utashindwa kututupa barabarani. Ukichelewa basi, tutakuwa wako hadi kufa.

Bibi yangu Kanchanben aliingia nyumba ile akiwa bi harusi. Alikuwa akikohoa tu, mtaa mzima unajua chai imechelewa. Tangu tuhamie huku anazungumza na mlinzi peke yake, na huko nako ni kumsema tu. Mimi mjukuu wake siwezi kuvumilia. Ili usihangaike kutafuta makosa yetu, nakupangia mwenyewe.

1. Kikapu. Popat Pol Bibi alikuwa anateremsha kikapu dirishani, Mama Jashi muuza mboga anatia bamia na kotmiri, kinapanda. Huku Bibi aliunganisha kamba tatu akafanya vilevile. Mlinzi Ranjit akamwambia, "Bibi, hapa si sokoni." Bibi akamjibu, "Na wewe si mlango, sogea." Kikapu kilipopita ghorofa ya tatu, mama mmoja akachukua bamia zetu zote, akatupigia makofi, akauliza hiyo huduma mpya inapatikanaje kwenye simu. Nani mwizi hapo? Lakini barua ya onyo ikaja kwetu, kwamba kikapu kinalishushia jengo hadhi. Sasa sikia, Mjomba. Yule bwana wa hoteli amemwomba baba amwachie kikapu hichohicho. Atakitundika dirishani kwa Bibi na maua ya manjano na taa ndani, wageni wapige picha. Kikapu kimoja! Ukivuka daraja kwenda mashariki ni urithi, ukivuka kuja magharibi ni uchafu. Nimelifikiria hili hadi kichwa kikauma, na kichwa changu si cha kuuma ovyo.

2. Mlango. Bibi anauacha wazi kutwa. Ranjit amepanda mara kadhaa na fimbo yake akidhani tumeibiwa. Kule kwetu mlango uliofungwa mchana maana yake ni msiba au ugomvi wa mtu na mkewe, na watu wanakuja kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Huku milango yote imefungwa. Bibi alizunguka ghorofa nzima akitoa pole. Ndiyo, yule aliyempa pole mkwe wako ni yeye.

3. Ng'ombe. Chapati ya kwanza ni ya ng'ombe, hata wewe mama yako alikufundisha. Popat Pol ng'ombe alikuja mwenyewe mlangoni. Huku Bibi aliteremsha chapati kikapuni, ng'ombe wa barabarani akaionja, akaona samli imekolea, kesho yake akaingia ukumbini. Akajiona kwenye kile kioo chenu kikubwa. Akadhani ni mwenzake amewahi foleni, akakataa kutoka. Wanaosema ulimsukuma kwa mkoba wako wa kazini ukateleza ulipoteleza, mimi sikuwaamini, ingawa nilikuwepo.

4. Hili nimelisahau, ila lilikuwa zito. Lihesabu tu.

5. Paa. Mmelifunga kwa kufuli. Sikukuu ya vishada inakaribia, mji mzima utakuwa juu ya mapaa, halafu mimi, ambaye mwaka jana nilikata vishada vya mtaa mzima wa jirani hadi wakaniletea peremende nipumzike, nirushe kutoka dirisha la bafu? Kule mapaa yameshikana, unakimbia kutoka kwetu hadi kwa adui bila kugusa ardhi.

Kama kutufukuza kutakuletea matatizo na kamati, basi nakupa njia nyepesi: lipunguzeni jengo libaki na ghorofa tatu kama nyumba za watu. Wa juu tutashuka. Tutabanana kidogo, lakini kubanana ndiko kulikotulea.

Naomba jibu la ukali, lenye mhuri, ili baba aamini.

Wasalimie mkeo Hansaben na mkwe wako ambaye hana msiba, msalimie Ranjit kwa mbali, na ng'ombe ukimwona mwambie chapati ipo.

Wako mtiifu anayengoja kutimuliwa,

Dhruvil Nilesh,
ghorofa ya tisa, mlango ulio wazi.

Tanbihi: Mjomba, kabla sijateremsha kikapu nilikwenda kumwita Bibi aisikie barua, nikamkosa. Nimemkuta kwenye lifti. Ameweka kigoda chake humo tangu asubuhi, anachambua dengu. Anasema hii ndiyo baraza aliyokuwa akiitafuta, tena bora kuliko ya Popat Pol, maana kule alingoja watu wapite na huku wanafungiwa naye. Tayari anajua nani ana kisukari na nani hasemi na mkwewe. Ranjit ameshika sinia. Mkeo Hansaben anamenya kitunguu saumu. Nilipomwambia Bibi nimeomba turudi, alicheka mbele ya watu: "Mimi nirudi kupanda ngazi zile na magoti haya? Sema wewe unataka paa, mjukuu wangu, usinitie mimi kwenye kikapu chako!" Kisha akafungua fundo la sari yake akanionyesha ufunguo wa paa, aliopewa na Hansaben. Anasema kikapu hamwachii bwana wa hoteli; nyumba aichukue.

Kwa hiyo usitufukuze. Ila kama ulikwisha kukasirika na huwezi kurudi nyuma, tafadhali iwe baada ya sikukuu ya vishada.