Nilivyomsifia Dorkasi kwa Akida

Jumatatu, 3 Mei 1915
Mwalimu Yoramu ametangaza: kuanzia juma lijalo darasa la watoto wadogo litakuwa na msaidizi mmoja tu. Mmoja! Mwaka jana tulikuwa wawili, mimi na Dorkasi. Mimi nilifundisha herufi. Dorkasi alifundisha kucheka. Watoto wanampenda yeye. Nimeomba kwa unyenyekevu nichaguliwe mimi.

Jumanne, 4 Mei
Maombi yamejibiwa! Akida Abbasi, mtu wa serikali ya Wajerumani, amefika shuleni. Serikali inataka uwele wa kuwalisha askari walioko vitani, lakini wanaume wakimwona tu wanakimbilia porini. Wanadhani anawakamata wawe wapagazi wa vita. Sasa anatafuta msichana wa kuzungumza na watu sokoni Dodoma, maana msichana hamtishi mtu. Msichana huyo atakaa mjini mpaka vita viishe. Mpaka viishe! Nikasimama, nikamwamkia, nikamsifia Dorkasi: sauti yake husikika ng'ambo ya korongo, Kiswahili chake safi, haoni haya. Akida akauliza kama namfahamu vizuri. Nikasema tumefanya kazi pamoja. Dorkasi akanikumbatia huku analia kwa furaha. Nilijisikia vibaya. Kidogo.

Alhamisi, 6 Mei
Shule nzima tulikwenda sokoni kumsikiliza. Dorkasi akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo. Watu wakaitika, "Mbukwa!" Basi, imekwisha hiyo. Dorkasi ni Mgogo aliyelelewa vizuri, hawezi kusalimu nusu. Akauliza habari za nyumbani. Za watoto. Za ng'ombe, kisha ndama, kisha mbuzi. Mzee Matonya akajibu kwamba ndama wake anaharisha. Dorkasi akataka kujua tangu lini. Wanaume wakatoka porini kuja kusalimiwa! Jua likazama. Uwele haukutajwa. Akida, kichwa mikononi, akauliza, "Nani alimsifia huyu?" Shule nzima ikaninyooshea kidole. Hata wale wadogo niliowafundisha herufi!

Ijumaa, 7 Mei
Dorkasi amerudishwa shuleni. Lakini Akida anasema msichana aliyeweza kumfanya yeye, mtu mzima, aamini maneno yale yote, huyo ndiye msemaji anayemtafuta. Mimi! Nilimtazama Mwalimu Yoramu anitetee. Akasema, "Mchukue tu, Bwana Akida." Hakufikiri hata kidogo. Darasa amepewa Dorkasi. Akanishika mikono, akasema, "Ruthu, dada yangu, umeniachia watoto! Nani mwingine angefanya hivyo?"

Jumamosi, 8 Mei
Leo nimehutubu. Kiswahili kilinyooka, kila sentensi ilikamilika. Sikupoteza muda kwa salamu. Nilitaja uwele katika sentensi ya kwanza. Kufika ya tatu, soko lilikuwa tupu. Bibi mmoja aliyechelewa kujitwika kikapu chake akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Mwanangu, una mama kweli wewe?"

Akida amekasirika. Amesema nitarudi shuleni siku nitakayompatia msemaji bora kuliko mimi. La sivyo, nitakaa hapa mpaka vita viishe. Nimewaza mchana kutwa. Ninaye! Mrefu, sauti nzito, anaheshimiwa na wazee, na salamu zake ni fupi. Nimekwisha kumtajia Akida jina la Mwalimu Yoramu, na sifa zote nimezipanga vizuri. Amefurahi mno. Kesho wanamfuata.

Shule itabaki bila mwalimu. Maskini Dorkasi! Atahitaji mkuu wa kumwongoza.