Mahindi Yasiyo na Ukoo

Mashuuru, Kajiado
Februari 2006

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako mvua imetusahau kabisa na ng'ombe wamebaki mbavu. Mimi ni Simel Katoo, mwenyekiti wa Kamati ya Tahadhari ya kijiji. Niko na hasira, lakini nitaandika kwa adabu.

Lori la msaada lilituletea mahindi meupe, punje kubwa kama meno ya ng'ombe. Nami nilikuwa nimesikia redioni kwamba kuna mahindi ambayo wataalamu wameyabadilisha mbegu kwenye maabara. Hakuna aliyeweza kuniambia kama haya yetu ndiyo hayo. Basi nikayafungia yote kwenye stoo ya kanisa, na ufunguo ninao mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mahindi haya hayana ukoo. Kwetu kila ng'ombe amekatwa alama sikioni, ukimwona tu unajua ni wa nani. Nimekagua debe zima, punje kwa punje, na hakuna hata moja iliyo na alama. Naomba serikali izikate masikio.

2. Wataalamu wako hotelini Nairobi, warsha baada ya warsha, wakijadili kama ni sawa kimaadili sisi kuyala. Wao wanakula kuku. Sijasikia warsha ya kuku.

3. Afisa mmoja alisema tuonje sisi kwanza ndipo madhara yajulikane. Ala! Sisi ni panya wa nani? Aanze yeye na mama mkwe wake.

4. Watoto wangu wanashindia chai ya rangi, na wananiangalia kama mimi ndiye niliyeleta kiangazi. Nimewaeleza kwamba tahadhari ni kitu kizuri. Binti yangu Lorna akauliza kama inapikwa. Hiyo ni dharau.

5. Kwa hivyo nadai kila kisicho na ukoo kisimamishwe pale Kitengela, kwenye kizuizi cha barabarani: mahindi, kuku wa gredi, nyanya zisizooza, hata wapangaji ambao hatuwajui wazazi wao. Vyote vichunguzwe miaka kumi. Sisi tutangoja.

Nisalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti, na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi, mlinzi wa stoo na wa afya ya taifa,
Simel Katoo

Baada ya kutia sahihi: Mke wangu Nalotuesha ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anauliza yule ndama wetu wa gredi ninayejivunia kila mahali, ambaye mbegu ya baba yake ililetwa kwa pikipiki ndani ya mtungi, nilikagua sikio la nani. Amenijulisha pia kwamba nikienda kuoga huwa naacha ufunguo kwenye koti, na kwamba ugali niliokula nikiandika namba tano, nikaongezwa, nikidhani unga ni wa shemeji yangu wa Entarara, umetoka kwenye mahindi ya stoo. Watoto nao wameshiba, wanacheka huko nje. Sikuwa nimewasikia wakicheka tangu nishike ufunguo, na nimeona aibu sana. Tafadhali, Mhariri, usiichapishe barua hii kabla hatujamaliza magunia.