Mkwe wa Kabalo Aliyemaliza Kuku wa Matanga

Nimeaibika leo, ndugu zangu, na midomo yangu bado inang'aa mawese.

Walisema sitavuka ziwa. Nilivuka, nikafika Kigoma. Walisema sina kichwa cha kusoma. Nimerudi Kalemie na diploma ya umeme, na nyumba nimejenga mwenyewe. Halafu wakasema: "Papa Anselme, yote utaweza, ila kuacha kula ovyo, hapana." (Ni kweli nilikuwa nakula nikiwa na huzuni, nikiwa na furaha, na nikiwa nasubiri chakula.) Ndiyo maana nilijiunga na kikundi chetu cha Jumamosi, cha watu ambao sahani imewashinda. Tunakutana, tunaambiana ukweli. Ukizidiwa, unampigia mwenzako simu kabla hujagusa chakula.

Leo ilikuwa siku yangu! Siku thelathini na nane bila kujijaza. Nilikuwa nitoe ushuhuda, kisha Mama Georgette, kiongozi wetu, anikabidhi mgeni mmoja wa kikundi nimsindikize katika vita hii ya sahani. Mgeni huyo ni Fidèle, mpakizi wa bandarini, ambaye tangu ajiunge hajafungua mdomo. Mimi ndiye wa kumfungua! Nikavaa suti. Nikazima simu tangu asubuhi, nisisumbuliwe nikijifunza hotuba.

Njiani nikapita penye matanga. Turubai, viti, wanaume wamekaa kimya. Kwetu hupiti msiba bila kutoa pole, nikaingia. (Harufu ya migebuka, samaki wetu wa ziwani, haikuhusika. Ilihusika kidogo.) Nikaletewa sahani. Nani anakataa chakula cha msibani? Ya kwanza nikala kwa heshima ya marehemu. Ya pili, kwa heshima ya mjane.

Mzee wa nyumba akaniinamia. "Papa, na suti hii, weye njo mukwe wetu tunayemungojea toka Kabalo?"

Mdomo ulikuwa umejaa sombe, majani ya muhogo. Nilitaka kukana. Kichwa kikaitikia chenyewe.

"Wakwe wamefika!" akapaza sauti.

Mkwe hali kama watu wengine. Nikahamishiwa meza yangu peke yangu, yenye kitambaa, na bukari, ugali wetu, kubwa kama mto wa kulalia, na kuku mzima aliyewekwa kwa ajili ya ujumbe wote wa Kabalo. Ujumbe ulikuwa mimi. Nikafanya kazi ya ujumbe.

Nina paja la pili mkononi, nikaona watu wanaingia kwa mstari. Mbele, Mama Georgette. Nyuma yake, kikundi chote!

"Karibuni," mzee akawaambia kwa fahari. "Mukae hapa karibu na mukwe wetu. Anakula vizuri, Mungu amubariki."

"Mukwe gani?" Mama Georgette akashangaa. "Huyu si Papa Anselme wa umeme, wa hapa hapa? Papa, tumekupigia simu tangu asubuhi! Fidèle amefiwa na babu yake. Mukutano tumeuhamishia hapa."

Matanga yote yakanigeukia. Hata mjane aliacha kulia.

"Sasa wa Kabalo watakula nini?" mzee akauliza.

Nikatazama sahani. Ilikuwa na mifupa.

Nikasimama. Hotuba yote ilikuwa imenikimbia. Nikasema tu: "Hii ni sahani ya tatu. Simu niliizima mwenyewe. Nilianza, nikashindwa kuacha." Kisha nikamwambia Mama Georgette, polepole, maana iliniuma kuliko tumbo: "Fidèle mpe mtu mwingine."

Hapo Fidèle akatokea upande wa jikoni, anapangusa vidole.

"Hapana, Mama," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake! "Mimi niko jikoni tangu alfajiri. Kuku wa wakwe hakuwa mumoja. Walikuwa wawili, na wa pili niko naye tumboni." Akanigeukia. "Yule Papa wa hotuba nilikuwa namuogopa. Huyu wa leo, huyu njo ninamutaka."

Mama Georgette akafunika uso kwa kitenge, mabega yanamtetemeka. (Hakuwa analia.)

Basi Fidèle na mimi tunasindikizana, na kwa wote wawili leo ni siku ya kwanza. Mkifiwa, ndugu zangu, mtuarifu. Na mkituona tumesimama barabarani, tunatoa pole kwa kupunga mkono, msidhani ni dharau: tunaiogopa sahani yenu.