Ukumbi wa Jogoo Usio na Jogoo

Ijumaa ile, saa nne kamili asubuhi, umma wa Toronto ulitangaziwa kwamba kumbi za kupiganisha jogoo sasa zitapewa leseni. Bwana Nizar, mkuu wa Kitengo cha Mapambano ya Ndege, alisoma tangazo mwenyewe. Kanuni za leseni hizo alizitolea jasho miaka mitatu, kurasa mia moja na kumi na nne. Masharti yalikuwa mepesi: ukumbini pasiwe na jogoo, maana mjini hawaruhusiwi, na pasiwe na mapambano, maana ni jinai. Mengine yote ruksa.

Mwombaji alijitokeza mmoja tu. Mama Pulchérie, mzaliwa wa Uvira, alikuwa na ukumbi mtaa wa Rexdale, na ombi lake la leseni ya harusi lilikuwa limelala ofisini mwaka wa pili. Bintiye Amandine alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Papa, kwa leseni ya harusi kuko foleni. Kwa ya jogoo hakuna mutu," alimwambia Nizar kwenye dirisha la ofisi. "Watu wakiimba na kula mule, kuko mubaya?"

Nizar alipekua kanuni. Kuimba hakukukatazwa. Kula pia.

"Na kuku ya supu?"

"Aliyekwisha kuchinjwa hahesabiwi mpambanaji, mama. Ukurasa wa tisa. Tutakuja kukagua Alhamisi."

Alhamisi Nizar alivaa suti. Sahihi ya leseni ya kwanza ingempandisha cheo, na alikuwa ameifanyia mazoezi. Lakini alimkuta Erick, mkuu wa Kitengo cha Mazizi ya Mjini, amesimama katikati ya ukumbi, fomu ya leseni mkononi.

"Wacha hizo, bosi. Mahali pa ndege ni zizi. Nasaini mimi kwanza."

"Zizi lisilo na ndege? Usinichekeshe, bwana."

Nizar akaishika fomu. Erick hakuiachia. Wakasukumana kwa vifua, wakazungukana, tai zikapinda. Akina mama wa kwaya waliokuja kupamba ukumbi wakasogea, wakafanya duara, na mmoja akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele.

Mama Pulchérie alikuwa amezisoma kurasa zote, mtu pekee duniani ukimwondoa mtunzi. Akafungua ukurasa wa sitini na moja.

"'Wapambanaji wakikutwa ukumbini,'" akasoma taratibu, "'wapimwe uzito, wafungwe utepe mguuni, waondolewe, wasirudi kwa siku tisini. Leseni ihesabiwe imetolewa, ili mwenye ukumbi asiumie kwa kosa la wengine.'"

"Mama, hicho ni kifungu cha jogoo!" Nizar alilalamika.

"Jogoo si umekataza, papa? Hapa umeandika wapambanaji."

Nizar aliona aibu mpaka masikioni. Kifungu hicho alikipenda kuliko vyote. Akapanda mzani wa magunia ya mchele: kilo themanini na saba. Erick akafuata. Wakafungwa utepe wa rangi ya waridi uliobaki kwenye mapambo, wakaenda kungoja basi la kwenda kituo cha Kipling.

Jumamosi Amandine aliolewa, watu wakacheza mpaka viatu vikavuliwa.

Jumatatu mkurugenzi alidai ripoti. Nizar akaandika ukweli: leseni iliyotolewa, moja; wapambanaji waliokamatwa, wawili. Mkurugenzi alifurahi mno, akampongeza mbele ya ofisi nzima. Kisha akauliza kwa nini hao wawili hawajahasiwa bado, kama ukurasa wa sitini na mbili unavyoagiza.