Neno Lililookoa Kuku Wangu

Jumatatu, 5 Machi 1973

Mwalimu wa ngumbaru anataka tuandike kila siku, la sivyo herufi zitatutoroka. Haya, naandika. Mimi ni Hedwiga, mjane wa Kilian, wa hapa Litembo. Miaka mingi, akili zote.

Leo Mwalimu, mtu wa Kilwa, miguu mirefu kama ya korongo, kaingia darasani akapiga teke kibuyu changu cha togwa. Pasu! Togwa yote chini. Akasema, "Sori, bibi." Akageukia ubao! Nikamuuliza hilo ni dude gani. Akasema ni Kiingereza, mtu husema akimkosea mwenzake. Nikauliza, ukishasema unaleta nini? Akajibu kwamba kwanza ni kusema. Sikungoja ya pili.

Kumbe! Na mimi tangu niolewe kila kosa nalipa kuku. Ningelijua mapema, ningekuwa na banda la kuku kama mapadri.

Jumanne, 6 Machi

Nimelichunguza neno. Asubuhi nesi kanidunga sindano: sori. Dereva wa lori la kahawa kanirushia tope gauni zima: sori, kichwa dirishani, wala hakusimama! Kwa hiyo linafanya kazi ukiwa umekaa, umesimama, hata ukiwa mbioni.

Jioni mbuzi wangu kaingia kwa wifi Otilia, dada wa marehemu, kamaliza matembele yote. Otilia huyo, kibuyu kipya mkononi, midomo mbele. Nikajua kaja kuomba togwa na kugomba kwa safari moja. Desturi yetu, hapo ningemkamata kuku, nimfunge miguu, nimpelekee. Nikamwambia, "Sori, wifi." Akaondoka na kibuyu chake.

Kuku yupo. Katoka kutaga.

Jumatano, 7 Machi

Wiki hii wanawake tunachimba ngoro, mashimo yetu ya mteremkoni, kwa zamu, shamba hadi shamba. Wanaume wamekwisha kufyeka majani na kuyapanga miraba. Sisi tunachimba katikati na kuyafunika kwa udongo, juu tunapanda maharage. Leo zamu ya Otilia. Mgongo wangu ukakataa. Nikamtuma mkwe wangu Vitalia apeleke sori. Kauliza, Mama, ndiyo hiyo tu? Nikamwambia hiyo ni ya Kiingereza, nzito, aibebe vizuri.

Nimeota jua. Kahawa vikombe vitatu.

Alhamisi, 8 Machi

Zamu ya Matilda. Nimepeleka sori.

Mchana kaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Isidori, kusema wanawake wananung'unika. Siku mbili jembe langu halijaonekana! Nikamwambia sori. Akakuna kichwa. Balozi mzima atakirije kwamba hajui Kiingereza? Akasema, haya basi, akaenda zake.

Ijumaa, 9 Machi

Kesho zamu yangu. Pombe ya ulezi ya kuwanywesha wachimbaji, niliyoianza wiki iliyopita, imeiva, mtungi umejaa. Mwanangu Benno kapanga majani mteremko mzima, miraba imenyooka. Yakifunikwa kesho, maharage yatawahi mvua. Yasipofunikwa, tutakula ugali na chumvi hadi mwakani. Lakini kwa nini yasifunikwe? Wanawake kumi na wanne! Nani atakosa pombe ya Hedwiga?

Jumamosi, 10 Machi

Hakuna mtu.

Nimesimama mteremkoni na jembe tangu umande. Vitalia kaenda kuwaita, karudi na mzigo: Matilda anasema sori. Ida anasema sori. Mama Fulgence anasema sori, na mgongo pia. Mwizi! Mgongo ni wangu!

Otilia kaja mwenyewe. Bila jembe. Kapanda mlima wote ule ili aniambie, "Sori, wifi." Na kalitamka vizuri kunishinda mimi, nafikiri kajifunza kwa Mwalimu. Kashuka akiimba.

Tumechimba mimi na Vitalia. Ngoro saba. Vitalia hakusema neno siku nzima, ule ukimya wa mkwe unaosikika hadi Mbamba Bay. Mgongo sasa unauma kweli, na hakuna anayeamini.

Jumapili, 11 Machi

Baada ya misa Isidori kaninong'oneza: Hedwiga, kamata kuku. Nimemkamata. Si kwa kushindwa, ila kuku huyu anakula sana.

Otilia kampokea kwa mikono miwili, kacheka hadi kakaa chini. Wanakuja kesho wote. Halafu kaingia ndani, katoka na kile kibuyu kipya. Mwalimu kaninunulia mimi! Jumanne alinikosa nyumbani, akakiacha kwa Otilia, akasema huwezi kumwagia mtu mzima togwa ukaacha hivi hivi. Ndicho wifi alichokuwa ananiletea siku ile ya mbuzi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kasema nilimwahi na Kiingereza.

Jumatatu, 12 Machi

Wamekuja! Kumi na wanne, nyimbo, vigelegele, hadi saa saba mteremko wote umejaa ngoro. Vitalia anapanda maharage na anazungumza tena, kupita kiasi. Pombe ya Jumamosi ilishachacha, nimewaahidi nyingine wiki ijayo, mtungi mkubwa, kila mtu ashibe. Wameniamini.

Alasiri nikaenda darasani na togwa kwenye kibuyu kipya. Mwalimu kashusha kata nzima, kafuta midomo, kasema, "Tenkyu, bibi." Nikauliza hilo nalo la nini. Kasema mtu husema akitendewa wema. Nikauliza, ukishasema unatoa nini? Akaanza kueleza kwamba kwanza—

Sikungoja ya pili. Nimerudi mbio nikamwambia Vitalia arudishe ulezi wa pombe ghalani.