Tuta Moja kwa Mtaa Mzima

"Tumepewa tuta!"

Aliyetangaza ni Mzee Redio, na alitangaza kama mtu aliyepewa nyumba. Kijiredio chake, kilichofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili betri zisichomoke, alikuwa amekibana sikioni hata kofia imekwenda upande.

"Tumepewa nini?" akauliza Spana, fundi wa baiskeli na pikipiki, bila kuinua macho kutoka kwenye mnyororo aliokuwa anausafisha.

"Tuta la barabarani. La kupunguza mwendo wa magari. Baraza la jiji limesema sasa hivi, kila mtaa tuta moja."

Bi Mapazia akashusha kikombe chake. "Moja? Mtaa mzima?"

"Moja."

"Tukaomba maji, tukaomba taa, tukaomba zahanati. Wanatuletea nundu!"

"Shukuru, Bi Mkubwa," akasema Spana. "Maji hukatika, taa huzimika. Nundu ikishakaa, imekaa."

"Imekaa wapi? Mtaa wa pili waliwekewa kibao cha Punguza Mwendo, kikaibwa mchana kweupe."

"Na aliyekiiba," akadakia Mzee Redio, "alikuwa anakimbia."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Benchi lenyewe liko mbele ya karakana ya Spana, chini ya bati lililochomoza. Mimi si wa benchi. Mimi ni mshonaji, nina kiti changu na cherehani yangu hapo pembeni, ila masikio yangu hayana kifuniko, kwa hiyo hakuna ubishi unaonipita. Na ubishi wa benchi hili una sheria yake. Ukishaanza, hakuna kunyanyuka. Anayesimama kabla haujaisha kashindwa, na jambo hilo haruhusiwi kulisemea tena maisha yake yote. Nimeona watu wazima wakinyeshewa bega moja kwa sababu upande ule bati linavuja. Nimemwona Breki, dereva wa teksi, akimwacha abiria wake aondoke kwa miguu, eti hawajamaliza kujadili kama paka ana shukrani.

Huyo Breki tulimpa jina hilo kwa kile asichokitumia. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchemka.

"Mimi silitaki! Tuta ni tusi kwa dereva mwenye akili. Ni kuniambia, wewe huwezi kupunguza mwendo mpaka upigwe na tumbo la barabara."

"Na huwezi," akasema Bi Mapazia.

"Nani kasema?"

"Kuku wangu. Wale waliobaki."

"Haraka haraka haina baraka, kijana," Mzee Redio akamtuliza.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mzee."

"Tumbo litauma, lakini mguu utabaki nao."

Mzee Redio akainua kidole, maana redio ilikuwa bado inasema. Akasikiliza. Uso ukabadilika. "Kuna sharti. Mafundi wako njiani, wanapita mtaa kwa mtaa na lori lao. Mahali pa kuweka tuta wakazi wakubaliane wenyewe. Wakikuta watu bado wanabishana, hawateremki. Wanapeleka kifusi mtaa unaofuata."

"Sisi?" akasema Spana. "Sisi tukubaliane? Basi hilo tuta limeshaondoka."

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali ya cherehani.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la vyombo, kuna shule ya chekechea. Binti yangu anasoma pale, na mimi ndiye ninayemvusha asubuhi na adhuhuri. Watoto wengine hufundishwa na mama zao kuimba. Mimi wangu nimemfundisha kukimbia. Tunasimama ukingoni, namshika kifundo cha mkono, nikisema "sasa", tunatoka mbio kama wezi. Juma lililopita nilimvuta yeye, kiatu kikabaki. Gari likakipita juu. Nilikiokota kimekuwa bapa kama bahasha, nikakitundika kwenye msumari juu ya cherehani, maana kukitupa nilishindwa. Kila akipita hapa huniuliza, "Mama, kitajaa tena lini?"

"Liwekwe mbele ya chekechea," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Neno la mtu asiye wa benchi ni kama mvua ya jirani, unaisikia tu, haikulowanishi.

"Liwekwe hapa karakanani," alikuwa anasema Spana. "Gari likigonga tuta, kitu kitalegea. Kikilegea, kilegee mbele ya fundi. Huo ndio utu."

"Utu au uwindaji?" akauliza Breki.

"Liwekwe chini ya dirisha langu," akasema Bi Mapazia, mwenye nyumba ya kona, ambaye mapazia yake hufunguka kabla ya jogoo.

"Kelele zote zile, Bi Mkubwa? Za nini?"

"Gari likipunguza mwendo, mtu anapata nafasi ya kutambua nani kapanda na nani. Siku hizi yanapita kasi mno. Nakisia tu, na kukisia ni dhambi."

Mzee Redio akakohoa, kikohozi chake cha kutoa hukumu. "Mnasahau lile shimo la pale chini. Mvua ikinyesha bata wanaogelea. Mimi nasema tuta lijengwe ndani ya shimo."

"Ndani ya shimo?"

"Ndani. Shimo ni upungufu, tuta ni ziada. Upungufu ukikutana na ziada, barabara inakuwa sawa!"

Breki akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mzee, wewe ungekuwa waziri! Hapo nakubali. Baraza limejenga tuta, na gari langu halijaruka. Kila mtu kapata haki yake!"

Wawili walishaungana, na lori liko njiani. Na nawajua hawa, wakichoka kubishana wataangukia kwenye upuuzi ulio karibu, kisha watauita muafaka.

"Samahanini, wakubwa zangu," nikasema, safari hii kwa sauti. "Mnapigania mahali mnapopatazama kwa mbali. Si mkapaone?"

"Twende vipi, binti?" Mzee Redio akaniuliza kwa huruma. "Kwenda ni kusimama. Na aliyesimama..."

"Kashindwa. Lakini mkisimama wote kwa pamoja, mkabeba benchi, mkaketi tena, nani atakuwa kamshinda nani?"

Wakatazamana. Bi Mapazia akanikazia jicho. "Hayo ndiyo unayofundishwa kwenye darasa lako la jioni, ukishafunga cherehani?"

"Sheria haisemi ndiyo," akatamka Mzee Redio, "lakini pia haisemi hapana. Kwa hesabu yangu. Moja, mbili, tatu!"

Hakunyanyuka hata mmoja. Kila mtu alikuwa anasubiri kuwaona wenzake.

"Mnanitega!" akafoka Breki.

"Wewe ndiye uliyenitega!" akajibu Spana. "Nilikuona umejishikiza!"

Mara ya pili walishikana mikono, kama watu wanaovuka mto, wakainuka. Wakalibeba benchi. Nikalifunika vazi la mteja, nikawafuata.

Chini ya dirisha la Bi Mapazia walikaa muda mfupi tu. Spana alitazama juu, akagundua kwamba kutoka pale dirishani karakana yake yote inaonekana, mpaka kona anakolala mchana akiwaambia wateja amekwenda kununua vipuri. "Hapa hapafai," akasema haraka. "Moja, mbili, tatu!"

Kwenye shimo, benchi liliinama upande, Spana akazama mpaka magoti yakamgusa kidevu.

"Mnaona?" Mzee Redio akajisifu. "Pameshaanza kujaa."

"Tuta ndani ya shimo," akasema Spana kutoka huko chini, "ni kumvisha kofia mtu aliye kisimani. Nani ataiona?"

"Ndiyo uzuri wake!" akasema Breki. "Tupige kura. Mimi na Mzee tayari ni wawili. Bi Mkubwa?"

Bi Mapazia alikuwa anaupangusa upindo wa gauni lake. Jua lilikuwa kali, na kahawa yake imebaki karakanani. "Mimi nimechoka," akaanza, "basi kama ni hapa, na iwe..."

"Bado kuna mahali pamoja hamjapakalia," nikamkatiza. Sikuwahi kumkatiza mtu mzima. "Mbele ya chekechea. Mkipaona pale mkapakataa, sisemi tena."

Bi Mapazia akanitazama. Kisha akatazama nyuma yangu, kule karakanani, kwenye msumari. Yeye huona kila kitu. Hakukosa kukiona kiatu.

"Nibebeni huko," akasema.

Wakabeba. Walipofika walitaka kukaa ukingoni, kivulini. Nikauliza tu, "Tuta hukaa pembeni?"

"Hukaa katikati," akajibu Mzee Redio, mtu wa haki.

Wakaliweka benchi katikati, limekata barabara. Wakaketi, na mara ubishi ukaanza upya kana kwamba hawajawahi kuzungumza.

"Hapa mbali na fundi!"

"Hapa mbali na dirisha!"

"Hapa hapana shimo!"

Gari la kwanza likatokea kwenye kona likija kasi. Likapiga honi. Hakuna aliyesimama. Likapiga tena, matairi yakalia, likasimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye magoti ya Breki. Na Breki, mishipa ya shingo imemtoka, akapaza sauti mtaa wote ukamsikia:

"Wewe! Huoni watu? Mguu wako wa saruji? Unaingia mahali pa watoto kwa mwendo gani huo? Kanyaga breki!"

Benchi zima likamgeukia. Yeye mwenyewe akawa kama mtu aliyesikia sauti ya mgeni ndani ya nyumba yake.

"Endelea," akasema Bi Mapazia taratibu. "Ulikuwa unasema vizuri."

Kengele ikalia, mlango wa chekechea ukafunguka. Magari yalikuwa yamepanga mstari pande zote mbili, madereva wametoa vichwa nje wanatukana. Nikavuka kumchukua binti yangu. Nikavuka kwa hatua za kawaida, za mtu anayekwenda sokoni. Tulipokuwa tunarudi alinivuta mkono, miguu imeshajiandaa.

"Sasa, mama?"

"Hapana, twende tu."

"Mbona hatukimbii?"

"Leo barabara imeketi," nikamwambia. Akaniachia mkono, akavuka akiruka kwa mguu mmoja, polepole, kama barabara yote ni sebule yetu.

Nyuma ya foleni likafika lori la kifusi. Akateremka msimamizi, ndoo ya rangi mkono mmoja, brashi mkono mwingine, jasho usoni.

"Ninyi ndio wakazi? Mmekubaliana?"

"Bado!" wakajibu wote wanne kwa sauti moja. Jambo pekee walilokubaliana siku nzima.

"Basi kwaherini." Akageuka.

Nikamkimbilia. "Mkuu, usiwaulize hivyo. Sema asiyetaka hapa asimame."

Alinitazama kama mtu anayepoteza muda wake, lakini jua lilikuwa kali na akaona ni rahisi kusema kuliko kubishana. "Haya! Asiyetaka tuta liwe hapa, asimame!"

Hata honi zilinyamaza.

Spana akashika ubao wa benchi kwa mikono miwili. Mzee Redio akazima redio, kitu ambacho hatujawahi kukiona. Bi Mapazia akakunja mikono akatazama mbele, kama anapigwa picha. Makalio ya Breki yalipanda kidogo, upana wa kidole hivi.

"Ehee?" akasema Spana.

Breki akakaa.

"Hakuna pingamizi," akasema msimamizi, akachovya brashi. "Inueni miguu nipige alama."

Watatu wakainua. Breki akakataa. "Kuinua mguu ni nusu ya kusimama. Najua mbinu zenu."

"Ndugu, nina mitaa mingine."

"Paka!"

Akapaka. Mstari mweupe ukatoka ukingo huu, ukapita chini ya benchi, ukapanda juu ya viatu vyeusi vya Breki, ukateremka, ukaendelea hadi ukingo wa pili.

Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakainuka pamoja, hakuna aliyeshinda hakuna aliyeshindwa, wakalirudisha benchi karakanani huku mafundi wakianza kumwaga kifusi. Breki alikuwa anatembea amepanua miguu kama bata, asichafue suruali.

"Watu huvaa wakipendacho," akasema Bi Mapazia. "Huyu kavaa akichukiacho."

"Ni mtindo," akasema Breki. "Nilitaka iwe hivi."

Binti yangu alikuwa amechuchumaa anavitazama vile viatu. Akatazama kile bapa kwenye msumari, akarudi kwa Breki.

"Mjomba, na wewe gari lilikukanyaga?"

Breki akachuchumaa naye, akakitazama kile kiatu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mimi nimekanyagwa na tuta."

Akaingia kwenye teksi yake, akaondoka. Watatu waliobaki walishaketi benchini, wanabishana kama atapunguza mwendo. Alipofika mbele ya chekechea, ambapo tuta lilikuwa bado ni rundo la kokoto na mstari wa rangi mbichi, taa zake za nyuma ziliwaka nyekundu.

"Tazameni!" akapiga kelele Mzee Redio, na kwa furaha akasimama.

"Umesimama!" Spana na Bi Mapazia wakasema kwa pamoja.