Ekzosi ya Kuungamia

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kasema valvu ya moyo inavuja. Kasema kwa sauti ya chini. Naijua sauti hiyo. Nilikuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini, na ndiyo niliyoitumia kwa walimu waliokwisha. Si kufa ninakoogopa. Uongo! Naogopa sana. Ila zaidi naogopa kufa na ile barua.

Basi na iandikwe hapa. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara ni mpiga tarumbeta. Alikuwa akifanya mazoezi kila alfajiri. Miaka kumi na tisa iliyopita niliwaandikia manispaa, bila jina, kwamba nyumba yake ni kilabu cha pombe. Hapakuwa na pombe hata kijiko. Wakaja, wakachukua tarumbeta. Tangu siku hiyo hapulizi kitu, hata chai ya moto.

Lazima niungame kwa mdomo, ana kwa ana. Lakini ni pande la mtu! Nikimsalimu kwa nyuma, haitikii. Tukikabiliana, hunikodolea macho mdomoni tu, kama anayechagua jino la kuanza nalo. Anajua? Hajui? Nimemeza vidonge viwili badala ya kimoja.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Gari langu la spoti, la milango minne, limelala bandani, bomba la moshi limetobolewa na kutu. Nitalifungia ekzosi mpya, ya kunguruma. Nitaegesha langoni kwa jirani, injini ikiwaka, nimwambie kila neno kupitia dirishani. Mimi nitakuwa nimesema. Yeye hatakuwa amesikia. Dhamiri safi, meno salama.

Binti yangu, nesi, ndiye anayenitunza. Kauliza, baba, kelele za nini kwa moyo kama huo? Nimejibu ni kwa usalama wa waendao kwa miguu. Kanitazama machoni. Huyu husoma macho kama wengine wasomavyo kipimajoto. Nikayafumba, nikakoroma.

Karibu alione daftari hili akitandika! Liko chini ya godoro. Afadhali leo si Jumapili, siku anayovua mashuka na foronya zote akafue.

Jumatano, 5 Machi

Gereji. Fundi ni mama mwenye mikono kama ya mpiga makasia, na ulimi wa kukata bati. Kaniwekea magari matatu ya wateja, kila moja na ekzosi yake. Nimebuni mtihani: mimi nakaa kwenye usukani na kusema, mimi ndiye niliyeandika ile barua, yeye anasimama dirishani na kuniambia kasikia nini.

La kwanza lina sailensa mbili za kumeza kelele, limetulia kama la kiwandani. Fundi kauliza, barua gani, babu, ya mapenzi? Gereji nzima ikacheka.

La pili ni bomba la inchi mbili na nusu, chuma cha pua, sailensa moja. Kasikia "mimi" na "barua". Hatari! Hayo ndiyo yenyewe.

La tatu ni inchi tatu, bomba tupu, halina sailensa kabisa. Mungu wangu! Moyo ulisimama, ukafikiri, ukaendelea. Nilijikuta nimeukumbatia usukani. Fundi hakusikia neno, ila kasema hilo litanifikisha kwa Muumba kabla sijafika kwenye nukta. Kashauri la pili, nikanyage mafuta kila nifikapo kwenye neno baya. Fundi mwenye busara. Nimechagua la pili.

Alhamisi, 6 Machi

Wanachomelea. Nimejaribu kuandika wosia mara tatu. Kila mara unatoka kama taarifa ya ukaguzi.

Ijumaa, 7 Machi



Saa nne asubuhi nimevuka barabara kwa gari, mwendo wa kobe. Jirani alikuwa anamwagilia maua. Kaja dirishani, kopo mkononi. Nikaanza. Kwenye "barua" nikakanyaga. Kwenye "pombe" nikakanyaga. Kwenye "uongo" nikakanyaga mpaka kioo kikacheza. Yeye ananikodolea macho mdomoni tu. Nikamaliza. Machozi yakanitoka, nikawa mwepesi kama unyoya!

Akaingiza mkono ndani. Nikafumba macho, nikasubiri kofi. Akazima injini.

Kisha, kwa sauti ya kuamsha mtaa, kanieleza kwamba masikio yake yalikwisha miaka kumi na mitano sasa. Husoma midomo. Mdomo wangu humtesa, meno ya bandia yanacheza ngoma yake, lakini leo nimetamka vizuri mno, kama mtu anayesomesha imla.

Nilitaka gari linimeze.

Kasema barua aliijua tangu siku ya kwanza. Watu wa manispaa walimwonyesha. Nani mwingine mtaani angemzulia mtu pombe kwa sentensi zilizonyooka vile? Alikuwa ananisubiri tu. "Umechelewa, mzee mwenzangu, lakini umefika."

Akaomba kitu kimoja: niwashe tena. Nikawasha. Akalaza viganja juu ya boneti, akafumba macho, na vidole vitatu vya mkono wa kuume vikaanza kubonyeza bati, kimoja kimoja, kama vifunguo vya tarumbeta. Kasema, kanyaga, ndugu yangu. Nikakanyaga. Tulikaa hivyo mpaka mafuta yakaisha.

Jumamosi, 8 Machi

Jirani kaja na chai. Kanishauri: ukiwa na jingine moyoni, liseme wazi, utapona. Nimelitafakari kwa kina. Hitimisho: kosa langu lilikuwa kuacha mdomo wazi.

Maana liko jingine. Miaka kumi na moja iliyopita nilimwandikia mchumba wa binti yangu, yule mfamasia, kwa jina la binti, kwamba hamtaki tena. Niliogopa kubaki peke yangu. Mpaka leo, akikunja nguo, huniuliza: baba, hivi yule kijana alinyamazia nini? Lazima aambiwe kabla valvu haijamaliza kazi yake.

Nimempigia fundi anifungie la tatu. Inchi tatu, bomba tupu. Kaniita babu mwendawazimu, kakubali. Mdomoni nitavaa barakoa. Machoni, kwa sababu ya binti, miwani myeusi. Safari hii hakuna mwanya.

Na daftari hili, kwa kuwa sasa lina kila kitu, nimelitoa chini ya godoro. Nimelitia ndani ya foronya, katikati kabisa. Hapo hakuna atakayelifikia. Nalala mapema; kesho Jumapili.